Makanisa Yanayokinga Mvua

Ardhi ilipotetemeka Kobe, Japani, alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, watu zaidi ya 6,000 walikufa, na kanisa dogo la Kikatoliki la mtaa wa Takatori likateketea katika moto uliofuata. Msanifu majengo Shigeru Ban alimwendea paroko na wazo ambalo mwanzoni halikupokelewa: kuwajengea waumini kanisa la karatasi. Likajengwa hata hivyo. Nguzo zake zilikuwa mirija 58 ya karatasi ngumu, walioisimamisha walikuwa watu wa kujitolea, na kazi ilichukua wiki tano. Lilitumika miaka 10, kisha likafunguliwa kipande kwa kipande na kusafirishwa hadi kijiji cha Taomi, Taiwan, kilichokuwa nacho kimepigwa na tetemeko mwaka 1999. Baadaye watu wa Christchurch, New Zealand, ambao kanisa kuu lao lilivunjika katika tetemeko la Februari 2011, walimwita Ban huyo huyo, na mwaka 2013 wakaanza kusali katika kanisa la mirija ya karatasi lenye nafasi ya watu 700. Kenya pia amefika, akasanifu nyumba kwa ajili ya makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, Turkana.

Nimeyapenda majengo hayo tangu niliposoma habari zake mara ya kwanza, na kila mara yamenirudisha kwetu Ukambani. Maafa yetu hayana saa wala tarehe. Ukame hauangushi ukuta hata mmoja. Kanisa hubaki limesimama na msalaba wake, ila mabenchi yanazidi kuwa matupu, kwa sababu wanaume wamekwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kibarua, kina mama wako njiani na punda wakifuata maji, na watoto wamebaki nyumbani kulinda mbuzi waliosalia. Baada ya janga la namna hiyo, watu hujenga kanisa gani? Ndilo swali lililonitoa Nairobi mwezi wa nane, wakati mito ya Kitui imebaki mchanga mtupu, nikaikata nchi kutoka Kibwezi, kaunti ya Makueni, hadi ng'ambo ya Mwingi.

Treni inayosimama vituo vya kati iliniteremsha Kibwezi mchana. Joto la huku ni kavu. Jasho linakauka kabla hujalifuta. Mibuyu imesimama mmoja mmoja kati ya migunga isiyo na jani, na kusini-magharibi unaiona milima ya Chyulu, ambayo mvua inayoinyeshea inapenya kwenye mawe yake ya volkano na kutokea mbali kwenye chemchemi kama za Mzima. Maji ya Mzima hunywewa hadi Mombasa. Hilo ni jambo la kwanza ambalo mgeni wa Makueni anapaswa kulijua: maji hayakosekani kabisa katika nchi hii. Yanapita.

Kibwezi ilikuwa na misheni kabla ya kuwa na reli. Mwaka 1891 Waskoti wakiongozwa na Daktari James Stewart waliweka kituo hapa wakiwa na matumaini makubwa. Malaria ikawamaliza, na mwaka 1898 kituo kikahamishiwa Kikuyu, ambako kilizaa kanisa linalojulikana leo kama PCEA. Upande wa pili wa Makueni, chini ya mlima Nzaui, Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow aliyekulia Marekani, alifika na kundi lake mwishoni mwa 1895 baada ya kutembea kutoka Mombasa. Hapo ndipo ulipoanza umisheni uliozaa AIC, kanisa ambalo karibu kila Mkamba ana ndugu ndani yake. Scott alikufa Desemba 1896 akiwa na miaka 29. Kuna wakati kundi zima lilikuwa limebaki na mtu mmoja tu, Willis Hotchkiss.

Wengi huzisimulia habari hizo kama habari za homa na ushujaa. Mimi nazisoma nikiangalia mwaka. Wamisionari hawa walifika wakati ambapo ng'ombe walikuwa wamekwisha kwa sotoka, na mbele yao palikuwa na miaka ya 1897 hadi 1900, ambayo wazee huiita Ngomanisye: ukame, nzige, kisha ndui juu ya miili iliyokwisha dhoofu. Familia zilihamia Ukikuyu kutafuta chakula. Wengine waliweka watoto rehani ili wapate kula, wote wawili, mtoto na aliyemtoa. Reli iliyokuwa ikijengwa kupita hapa ilileta mchele kutoka India, na vituo vya misheni na vya serikali vikawa mahali pa kugawia. Kwa hiyo Wakamba wengi walilikuta kanisa kwa mara ya kwanza wakiwa na njaa, na nje ya mlango wake palikuwa na foleni ya chakula. Kuna wanaolisema jambo hilo kwa dharau, kwamba babu zetu walibatizwa kwa ajili ya mchele. Siwaungi mkono. Mtu aliyelishwa na jirani mgeni ana haki ya kumuuliza jirani huyo anamwamini nani.

Njaa zetu zina majina, na aliyelelewa na nyanya yake anayajua. Yua ya Ndeke ni ya 1961, ndege zilipodondosha chakula, maana ukame wa mwaka huo uliishia katika mafuriko yaliyokata barabara. Nikw'a Ngwete ni ya miaka ya 1980, watu walipokuwa na pesa mkononi na hakuna cha kununua. Ukame wa juzi, ambamo mvua za misimu mitano zilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, sijausikia ukipewa jina moja ambalo wote wamekubaliana nalo. Septemba 2021 serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa. Tarehe 14 Februari 2023 nchi nzima iliitwa kuomba mvua. Mwezi wa tatu mvua ikaja.

Barabara ya kutoka Kibwezi kwenda Kitui sasa ni lami. Wanaoikumbuka ya zamani wanasimulia vumbi lake kwa uchungu wa kweli, na dereva wa matatu yetu alikuwa mmoja wao. Unavuka mto Athi, mpaka kati ya Makueni na Kitui, mto wa kahawia ulio na maji mwaka mzima na uchafu wa Nairobi ndani yake, kisha unapanda Yatta. Wanajiolojia wanaihesabu Yatta miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani, karibu kilomita 300, kutoka upande wa Ol Donyo Sabuk hadi Tsavo. Ukiwa juu yake unaona nchi tambarare imekatwa kwa rula. Ukishuka, uko Ikutha.

Ikutha ilipata wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kituo hicho kikawa cha Misheni ya Leipzig mwaka 1893. Walichagua mahali pagumu. Hata leo, huku kusini mwa Kitui mvua hutegemewa zaidi ile ya Oktoba hadi Desemba, na mwaka mbaya hata hiyo haifiki. Lakini kumbukumbu ya kiu iliyonisumbua njia nzima ni ya mtu aliyewatangulia. Mmisionari Ludwig Krapf, aliyeuona mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, alirudi mwaka 1851, na safari hiyo mwenyeji wake, Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, akauawa karibu na mto Tana. Krapf akabaki porini peke yake. Alipoufikia mto alijaza maji kwenye ala ya darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, kwa sababu hakuwa na chombo kingine, akaanza kutembea. Mhubiri wa kwanza wa Injili Ukambani alibeba maji ndani ya bunduki. Laiti ningekuwa mchoraji, ukuta wa kanisa la Kitui ningeuchorea picha hiyo.

Kati ya Ikutha na Mutomo, dereva wa bodaboda alinipeleka kwenye kanisa ambalo nilikuwa nimeelekezwa na mwanakwaya mmoja Nairobi. Sitalitaja, kwa kuwa wenyewe hawakujenga ili waandikwe. Kwa mbali hulitambui kuwa kanisa. Halina mnara. Paa lake la mabati halikukunjwa katikati kama mapaa mengine. Limelazwa upande mmoja, ukuta wa mashariki ukiwa mrefu na wa magharibi mfupi, hivyo kila tone linaloangukia bati lina njia moja tu ya kwenda. Ukingoni mwa ukuta mfupi kuna gata pana kuliko nilizozoea kuona, na mwisho wa gata kuna tangi la mawe, la mviringo, limefunikwa, na limefungwa kwa kufuli. Msalaba umesimamishwa juu ya tangi.

Katekista alinikaribisha, mzee aliyevaa koti kwenye joto lile, akanizungusha. Kanisa la kwanza lilikuwa la udongo, na halikubomolewa na mtu. Lilizeeka miaka ile waumini walipoacha kulikandika, kwa sababu kukandika kunahitaji maji, na maji yalikuwa ya kunywa. "Ukiona nyumba ya udongo imepasuka Kitui," aliniambia, "usiseme wenyewe ni wavivu. Uliza wanateka wapi." Walipoamua kujenga la mawe, walikubaliana waanze na tangi. Mvua ya kwanza ikaacha maji ndani yake, na maji hayo ndiyo yaliyochanganya zege la msingi wa kanisa. Nimetembelea makanisa makubwa, mengine yenye vioo vya rangi na ogani. Sijawahi kuona jengo ambalo mpangilio wa ujenzi wake umenigusa kama ule.

Ndani ni pakavu na peupe. Madirisha yako juu, upande wa ukuta mrefu, na mwanga unaingia bila jua kuwapiga watu usoni. Mabenchi ni ya mbao za kawaida. Jumapili, ibada ikiisha, familia zilizoandikishwa huteka mtungi mmoja kila moja kwa bei ndogo ya kutunza bomba, na wajane na wazee hawalipi. Katekista alinionyesha daftari. Limepigwa mistari kwa mkono, na lina mambo mawili tu, majina na mitungi.

Mbele kidogo, karibu na Mutomo, nilipanda mwamba. Kusini mwa Kitui kuna majabali yaliyochomoza peke yake katika tambarare, mengine marefu kama kilima, uchi, bila udongo. Kwa miongo mingi wanakijiji wamezijengea kingo za mawe na saruji nyuso za miamba hiyo, kwa msaada wa Dayosisi ya Kikatoliki ya Kitui na wafadhili wengine. Ukingo wenyewe ni mfupi, haufiki goti, umezunguka mwamba kwa mteremko mdogo. Mvua inaponyesha, maji hayapati udongo wa kuzamia. Yanateleza, yanagonga ukingo, yanafuata mteremko hadi kwenye ukuta uliojengwa mahali mwamba ulipobonyea. Kutoka hapo bomba linashuka hadi kwenye kioski cha maji. Hakuna pampu wala dizeli. Nilitembea pembeni mwa ukingo huo kutoka mwanzo hadi mwisho, nikashika mawe yake moja moja. Kila jiwe lilipandishwa na mtu, na nusu ya hao watu, nadhani zaidi, walikuwa wanawake waliolibeba kwa mkanda wa kyondo kwenye paji la uso.

Hesabu ya maji ya mvua ni nyepesi, na ningependa kila kamati ya ujenzi Ukambani iwe nayo ukutani. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba, ni lita moja. Kanisa la kijiji lenye paa la mita 24 kwa 10 lina mita za mraba 240. Msimu ukileta milimita 300, paa hilo limepokea lita 72,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayorushwa na upepo, yanayomwagika na yale ya kwanza ya kuosha bati, zinabaki lita 57,600, yaani mitungi 2,880 ya lita 20. Kanisa hilo hilo likikosa gata, maji yale yanaanguka chini ya ukuta, yanachimba msingi, yanateremka na udongo wa shamba la jirani. Nimepita Makueni na Kitui nikiona makanisa mapya ya matofali mazuri, minara mirefu, vigae vya kung'aa, hayana gata hata upande mmoja. Nasema wazi kwamba yananiuma. Mungu aliyeombwa mvua mchana kutwa akaileta, na nyumba yake ikaiacha ipite.

Kitui mjini nililala, na asubuhi nikaenda Kiindu. Huu ni mto wa msimu, na mtu asiyeujua atauita njia ya mchanga. Juu yake kuna mabwawa ya mchanga yamefuatana, moja chini ya jingine, mengi yaliyojengwa na vikundi vya wenyeji pamoja na shirika la SASOL, lililoanzishwa hapa Kitui mwanzoni mwa miaka ya 1990. Upande wa Kola, karibu na mpaka wa Machakos na Makueni, Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni walikuwa wamekwisha anza mwaka 1978. Wakristo wa Kimennonite wa Marekani na Kanada waliwaunga mkono watu wa pande zote mbili, na Makueni huduma ya maendeleo ya Kanisa la Kianglikana nayo imejenga.

Bwawa la mchanga halifanani na bwawa. Unatafuta mahali ambapo mwamba uko karibu chini ya mto, unachimba hadi uufikie, unajenga ukuta wa mawe na saruji kutoka ukingo hadi ukingo. Mafuriko yanakuja na tope na mchanga. Tope jepesi linapita juu ya ukuta, mchanga mzito unakaa. Msimu mmoja, miwili, mitatu, nyuma ya ukuta kumejaa mchanga hadi juu, na mgeni anadhani kazi imeharibika. Hapo ndipo imekamilika. Kati ya punje na punje maji yamejificha, kati ya robo na theluthi ya ujazo wote, jua haliyafikii, mbu hawatagi, ng'ombe hawayachafui. Kingo za mto nazo zinalowana. Mwezi wa nane, nchi yote ikiwa ya rangi ya majivu, niliona miembe na sukumawiki kwenye kingo za Kiindu.

Kikundi nilichokikuta siku hiyo kilikuwa mwethya wa kanisa, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, watu kama 40, wengi wao kina mama, wakitengeneza bawa la ukuta lililokuwa limeliwa na maji. Mzee wa kanisa alifungua kwa sala fupi akiwa na karai mkononi. Nilimwamkia mama mmoja mzee aliyekaa kivulini akivunja kokoto, nikamwita mwaitu, yaani mama, akaniuliza mimi ni wa nani. Kumbe anamjua shangazi yangu. Basi nikapewa nyundo.

"Mwanangu," aliniambia baada ya muda, "mimi nimeolewa hapa nikiwa msichana. Kuteka maji nilikuwa naondoka jogoo wa kwanza, narudi jua likiwa kichwani. Mume wangu alisali kanisani miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa sifiki. Padri alikuwa ananiuliza, mama, mbona hatukuoni?"

Nikamuuliza siku hizi je.

"Siku hizi nakaa benchi la mbele," alisema. "Maji yako pale." Akaelekeza nyundo kwenye kisima kilichozungushiwa ukuta ukingoni mwa mto, hatua chache kutoka tulipokaa. "Ukuta huu ndio ulionirudisha."

Sina la kuongeza juu ya hilo ila hili: Dayosisi ya Kitui ilikuwa chini ya Askofu William Dunne, Muairishi, tangu 1964 hadi 1995, wakafuata maaskofu wengine, na Makueni ikapata dayosisi yake ya Wote mwaka 2023. Historia za kanisa huandikwa hivyo, kwa maaskofu na miaka. Ningependa siku moja iandikwe nyingine, ya kuta za mito, kila ukuta na mwaka wake na majina ya waliobeba mawe.

Kutoka Kitui nilipita Migwani hadi Mwingi, na kutoka Mwingi nikashika njia ya Nuu hadi mto Enziu. Lazima niuandike mto huu, kwa sababu anayesifu mafuriko kwa kujaza mchanga asiponyamaza hapa hajui anachokisema, na anayenyamaza moja kwa moja amewasahau watu. Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya Wakatoliki wa Mwingi waliokuwa wakienda harusini liliingia katika Enziu iliyofurika. Likapinduka na kuzama huku watu wakiangalia kutoka kingo zote mbili. Zaidi ya 30 walikufa, watoto wakiwemo. Kulikuwa na nyumba zilizopoteza zaidi ya mtu mmoja.

Kumbuka mwezi na mwaka. Nchi ilikuwa ndani ya ukame uliotangazwa kuwa janga la kitaifa miezi mitatu tu kabla. Mvua chache zilizoshuka zilishuka kwa kishindo juu ya ardhi iliyokauka ikawa ngumu, isiyonyonya, zikakimbilia mtoni zote kwa pamoja. Ukame na mafuriko si majanga mawili yanayopokezana. Ni ardhi moja iliyoachwa bila kizuizi. Niliuona mto ukiwa mkavu. Wavulana walikuwa wakipakia mchanga kwenye lori, biashara ambayo inawalisha na ambayo inaondoa pale pale kile ambacho bwawa la mchanga hukusanya. Nilisimama ukingoni na mwanamume aliyekuwepo siku ile. Hakutaka kusimulia, nami sikumwomba. Aliniambia tu kwamba kwaya ya parokia iliendelea kuimba, na kwamba Jumapili za kwanza sauti ya tatu ilikuwa haisikiki, wenyewe wote walikuwa wamekwenda.

Jumapili ilinikuta upande wa Migwani, katika kanisa dogo la mawe lenye umri usiozidi miaka michache, paa la kawaida la pande mbili, gata upande mmoja tu, na tangi la plastiki la lita 10,000. Baada ya ibada tulikula muthokoi na ndengu chini ya mti, kisha kamati ikaketi, na kwa kuwa nilikuwa mgeni nikaachwa nisikilize. Kulikuwa na pesa za harambee. Vijana walitaka mnara mdogo mbele, wenye kengele, ili kanisa lionekane kutoka barabarani. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Mmoja wao alisema kanisa lisiloonekana hawalijui wapita njia, na kijiji chao kimepitwa na kila kitu tangu uhuru. Kina mama walitaka gata la upande wa pili na tangi la mawe la lita 50,000. Mwekahazina, mwalimu mstaafu, alifanya hesabu ile ile niliyoiandika juu, kwa chaki, kwenye ubao wa shule ya Jumapili, akaonyesha kwamba tangi lililopo hujaa kwa milimita 100 hivi za mvua, likipokea nusu ya paa peke yake, na yote yanayofuata humwagika.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe umetoka Nairobi, umepita huko Mutomo. Unasemaje?"

Nilisema tangi. Nilisema pia kwamba huko nilikopita nimeona msalaba juu ya tangi, na kwamba unaonekana kutoka mbali. Kijana wa mnara aliuliza tangi hilo lina urefu gani. Nikamwambia linanipita kichwa. Akafikiri, akasema basi kengele inaweza kutundikwa kwenye chuma cha pembeni, ilimradi chuma kiwe kirefu, na hapo mjadala ukageuka ukawa wa bei ya chuma.

Fundi alikuwepo. Alipima kwa hatua nyuma ya ukuta, akasema udongo wa pale ni mwekundu na mgumu, shimo la msingi litahitaji siku tatu, saruji ikae wiki tatu ikimwagiwa maji kila siku, na hayo maji yatoke kwenye tangi lililopo kabla halijaisha. Mvua za Oktoba zikiwahi, ukuta mbichi utaharibika, kwa hiyo kazi isipoanza wiki hiyo ingojee Januari. Mwenyekiti wa kina mama akamkatiza. Mawe, alisema, yalikuwa yamekwisha vunjwa tangu mwezi wa sita, yako kwake nyuma ya ghala. Kilichokuwa kikingojewa ni wanaume kupiga kura. Wakapiga. Mwethya ukapangwa Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, kila nyumba ilete jembe au karai, na vijana walipewa kazi ya kuchimba.